Twiga, Kadzonzo na Kiboko: Majina ya Wanyama wa Kufugwa katika Historia ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wanahistoria wa pwani yetu wameandika mengi juu ya bidhaa zilizopita katika bandari za Malindi, Mambrui na Kilifi: pembe za ndovu, ambari, nguo, shanga, vyombo vya kauri, na, kwa majonzi, wanadamu pia. Juu ya wanyama waliofugwa majumbani, au waliotamaniwa na watu wa mbali, wameandika machache. Yumkini jambo hili limeonekana dogo mno. Lakini mtu humfuga mnyama ambaye amekwisha kumpa maana fulani, na maana hiyo aghalabu huonekana kwanza katika jina. Kwa hiyo suala hili latuhusu sisi wanalugha kama linavyowahusu wanahistoria.

Katika makala haya tunakusudia kuwatazama wanyama watatu wa pwani hii: twiga aliyepelekwa Uchina mwaka 1415, paka wa msitu wa Sokoke aliyepelekwa Ulaya mwaka 1984, na mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi mwaka 2004. Hoja yetu ni kwamba kila mmoja wao alipopata mwenyeji mpya alipewa jina jipya, na kwamba pamoja na jina la kale yalipotea maarifa ya wale waliomjua mwanzo.

Maana ya kufuga

Inafaa kwanza kulitazama neno kufuga lenyewe. Mswahili hufuga kuku, mbuzi na nyuki. Lakini pia hufuga ndevu na kucha, na asiyekwenda kutibiwa huambiwa kuwa anafuga ugonjwa. Kinachounganisha matumizi haya ni wazo la kukiacha kitu kikue karibu nawe, kwa hiari yako, au kwa uzembe wako. Neno halisemi kama kitu hicho chapendwa au chaliwa. Kuku wa uani hufugwa, na paka alalaye mkekani hufugwa vilevile.

Istilahi ya mnyama kipenzi, ambayo siku hizi hukutwa magazetini, yatenga kile ambacho kufuga hukiunganisha. Yamweka upande mmoja mnyama wa kupendwa tu, na upande wa pili mnyama wa kazi na wa kitoweo. Mgawanyiko huo una historia yake katika miji ya Ulaya, ambako wengi wa wakazi walikwisha kuachana na zizi na banda. Katika nyumba za Malindi na vijiji vya Wagiriama mambo hayakugawanyika hivyo. Paka alikuwa na kazi, nayo ni kuwazuia panya wasimalize mahindi ghalani. Lakini kazi hiyo haikumzuia mtoto kumpakata. Katika nyumba za Waislamu paka alikuwa na heshima ya ziada, kwani hahesabiwi kuwa ni najisi, na sahaba mmoja mashuhuri wa Mtume, Abu Huraira, alijulikana kwa lakabu yenye maana ya baba wa kipaka. Mbwa hakuipata nafasi hiyo katika nyumba hizo. Kwa Mijikenda alikuwa mlinzi na mwenzi wa mwindaji.

Lugha yaonyesha pia mpaka wa kufuga. Paka asiye na mwenyewe, azururaye na kuiba, huitwa shume. Paka wa nyumba na shume ni wa jinsi moja kwa umbo. Tofauti yao ni uhusiano wao na watu. Tutaona hapa chini jinsi mpaka huo ulivyokuwa na matokeo makubwa.

Twiga wa mwaka 1415

Katika mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea mfalme Yongle wa Uchina twiga mmoja kuwa tunu. Mwaka uliofuata alifika twiga wa pili, na safari hii kumbukumbu za Uchina zaitaja nchi iliyomleta kwa jina la Malin, ambalo wanahistoria wengi hulisoma kuwa ni Malindi. Mfalme alitoka mwenyewe hadi lango la kasri kumpokea. Kisha, katika safari ya miaka 1417 hadi 1419, merikebu za amiri Zheng He ziliwarudisha wajumbe kwao na kufika katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Ushahidi wa mawasiliano hayo hauko katika vitabu vya Wachina peke yake. Katika magofu ya Gede, yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, vilipatikana vigae vya kauri kutoka Uchina. Na mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na Uchina waliokuwa wakichimbua huko Mambrui walipata sarafu ya enzi ya Yongle.

Linalotuhusu hapa ni jinsi mnyama huyu alivyoitwa. Huku kwetu jina lake lilikuwa twiga, neno la Kibantu lenye ndugu zake barani, kama nduiga ya Kikuyu. Ni jina la mnyama anayejulikana: ala migunga, hutembea kwa makundi, ana ngozi ngumu ifaayo kwa kazi nyingi. Uchina walimwita qilin. Hilo lilikuwa jina la mnyama wa masimulizi yao ya kale, ambaye hutokea tu pale mtawala anapokuwa mwadilifu. Wako wataalamu waliodokeza kwamba neno la Kisomali geri, yaani twiga, lilipofika masikioni mwa Wachina lilifanana na qilin, na mfanano huo wa sauti ukarahisisha mfanano wa maana. Shen Du, mwandishi wa hati mashuhuri wa baraza la mfalme, alitunga shairi la sifa juu ya twiga wa mwaka 1414, nalo likaandikwa juu ya picha yake. Nakala za picha hiyo zingalipo, mojawapo katika jumba la makumbusho la Taipei.

Tukumbuke kuwa Yongle alikitwaa kiti cha enzi mwaka 1402 kwa kumpindua mpwa wake kwa vita. Mtawala wa namna hiyo alikuwa na haja kubwa ya ishara za mbinguni. Masimulizi yanasema kwamba alikataa kupongezwa rasmi, akisema kuwa heri hiyo yatokana na wema wa baba yake na bidii ya mawaziri. Lakini mnyama hakukataliwa. Basi twiga aliyetoka katika nyika ya nyuma ya Malindi aligeuzwa shahidi wa uhalali wa mfalme. Waliomkamata, wakamtuliza, wakamlisha njiani mpaka bandarini, hawakutajwa. Na bila shaka walikuwapo, tena walikuwa mafundi, kwani mnyama mwenye kimo kile na moyo wa woga hasafirishwi baharini na mtu asiyemjua. Maarifa yao yalikuwa katika lugha ya huku, wala hayakuvuka bahari pamoja na mnyama.

Kadzonzo

Baina ya mji wa Kilifi na Malindi upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Pembeni mwa msitu huo na katika mashamba ya minazi waliishi paka wembamba, warefu wa miguu, wenye manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi yenye mabaka mfano wa gome la mti mkongwe. Wagiriama humwita paka huyu kadzonzo, na jina hilo hufasiriwa kwa kuhusishwa na gome hilo. Sura ya neno yaelekea kuonyesha kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha na kutumia ki- mahali pake. Basi katika neno moja fupi pana maelezo ya rangi, ya kimo, na ya mahali mnyama anapojificha.

Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na Watamu, aliokota vipaka vya namna hii, akavilea na kuvizalisha. Mwaka 1984 rafiki yake mmoja wa Denmark alichukua jozi kwenda kwao, na paka hao wakaonyeshwa katika maonyesho ya huko. Katika miaka ya 1990 shirikisho la vyama vya wafuga paka la Ulaya, FIFe, liliwatambua kuwa mbegu kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengine walitolewa katika eneo lilelile ili kuiongezea mbegu hiyo damu mpya, kwa kuwa wale wa kwanza walikuwa wachache na wamezaliana wao kwa wao.

Jina lililoandikwa katika daftari la mbegu ni Sokoke. Wafugaji wa Ulaya hawakuwa na nia mbaya. Msitu ulitajwa ili kuheshimu asili ya paka. Hata hivyo jambo moja ladhihirika. Kadzonzo ni jina lililotolewa na watu, na kulitumia ni kukiri kuwa watu hao walimjua mnyama kabla ya mwaka 1978. Sokoke ni jina la mahali, na lasikika kana kwamba paka alitoka katika msitu usio na wenyewe. Katika maandishi ya wafugaji neno la Kigiriama hutajwa kando tu, mara nyingi likiendelezwa khadzonzo, kwa herufi ya ziada.

Hapa ndipo mpaka wa kufuga unapoonyesha nguvu zake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 yadai kibali kwa yeyote atakaye kumiliki mnyamapori aliye hai, na leo hakuna awezaye kumpakia twiga merikebuni kwa hiari yake. Kadzonzo hakuwa na ulinzi kama huo. Kwa sheria ni paka tu, mnyama wa nyumbani. Kwa mgeni alikuwa mnyama wa mwituni aliyegunduliwa. Kwa wenyeji alikuwa kati na kati: hakuwa shume hasa, wala hakuwa mali ya mtu kama mbuzi alivyo mali. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kuwa ni wake, hapakuwa na wa kuulizwa alipochukuliwa.

Sayansi imeongeza jambo la kutufikirisha. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008, ukiwalinganisha paka wa nchi nyingi, uliwakuta Sokoke na paka wa pwani ya Kenya wakielekea upande wa jamaa zao wa Asia. Ikiwa ndivyo, yumkini wazee wa kadzonzo walikuja na majahazi ya pepo za msimu, wakiwinda panya melini, katika bahari ileile iliyomchukua twiga. Hapo dhana ya mnyama wa msituni asiye na historia ya watu yazidi kudhoofika: ni mgeni aliyefanywa mwenyeji, na Wagiriama ndio waliompa uenyeji huo pamoja na jina.

Kiboko wa Sabaki

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Mto Sabaki, ambao juu huitwa Galana, huingia baharini kaskazini ya Malindi. Mwishoni mwa mwaka 2004 mtoto wa kiboko aliyekuwa amechukuliwa na maji ya mto hadi baharini alibaki peke yake kwenye miamba, siku zilezile mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba yalipoifikia pwani yetu. Siku iliyofuata wavuvi, wenyeji na wageni walimnasa kwa nyavu, baada ya saa nyingi za jitihada, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Huko alijishikiza kwa kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi na aliyeitwa Mzee. Picha zao zilienea duniani, na kitabu cha watoto kikaandikwa. Wahenga walisema: asiye na mwana aeleke jiwe. Huyu asiye na mama alimweleka kobe.

Katika Kiswahili neno kiboko limebeba mzigo mzito. Ngozi ya mnyama huyu ilitengenezwa mijeledi, na jina la mnyama likawa jina la mjeledi. Vizazi vilivyoishi chini ya ukoloni vililijua neno hilo mgongoni. Kwa wakulima wa kando ya Sabaki kiboko ni mharibifu wa mashamba na muuaji wa watu. Lakini mtoto huyu aliitwa Owen, jina la mmoja wa waokoaji wake, na kwa jina hilo akawa kipenzi cha watoto wa mabara yote. Yafaa kutazama kuwa katika jozi hiyo kobe ndiye aliyeingia vitabuni na jina la Kiswahili, tena la heshima ya umri, na dunia ikalijifunza bila taabu. Hivyo hatuwezi kusema kwamba majina yetu hayatamkiki ugenini. Mzee lilivuka bahari kwa sababu waliomtunza kobe waliamua kulitumia.

Hitimisho

Katika mifano hii mitatu mnyama alitoka katika jina la maarifa na kuingia katika jina la haja. Twiga alikidhi haja ya mfalme aliyetaka ishara. Kadzonzo alikidhi haja ya wafugaji waliotaka mbegu adimu. Kiboko alikidhi haja ya dunia iliyotaka faraja baada ya msiba. Haja hizo ni za kibinadamu, wala hatuzilaumu. Hasara ni kwamba jina la kwanza lilipoachwa, hakuna aliyeuliza limebeba nini.

Maarifa ya waliomsindikiza twiga mwaka 1415 hatutayapata tena. Ya kadzonzo bado yangali hai. Wako wazee katika vijiji vya kandokando ya Arabuko-Sokoke wawezao kutueleza mabaka yapi yana jina na yapi hayana, paka huyu hutofautishwaje na shume, alikaribishwa ndani lini na alifukuzwa kwa kosa gani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo mfupi kutoka msituni, na wanafunzi wake wengi wanazungumza lugha za Mijikenda. Tunapendekeza msamiati huu ukusanywe kwa utaratibu, na kamusi zetu zijazo zilipe neno kadzonzo kidahizo chake, likielezwa kuwa ni neno la Kigiriama, kwa tahajia ya Wagiriama wenyewe.