Kutoka Mtelemkoni hadi Bondeni: Mradi wa Makazi Nafuu wa Namuwongo, Kampala, na Funzo Lake kwa Sera

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya mradi wa uboreshaji wa makazi na nyumba za gharama nafuu ulioanzishwa Namuwongo, jijini Kampala, mwaka 1987. Hoja inayotetewa ni kwamba mradi huo uliiboresha ardhi bila kuwabakiza juu yake watu waliokusudiwa kunufaika, na kwamba kasoro hiyo ilianzia katika uamuzi wa kukifanya kiwanja kuwa kipimo cha msaada katika mtaa uliojaa wapangaji wa chumba kimoja. Suala hili halijapitwa na wakati. Mipango mingi ya makazi katika Afrika Mashariki ingali inahesabu viwanja, barabara na mitaro, ilhali mpangaji hana safu yake katika hesabu hiyo.

2.0 Mahali na Chimbuko

Namuwongo iko kusini-mashariki mwa katikati ya jiji, katika Divisheni ya Makindye. Juu yake upo mlima wa Muyenga, wenye majumba ya matajiri na matangi ya maji yanayohudumia jiji. Upande wa pili kuna eneo la viwanda, lililowavuta vibarua kwa miongo mingi. Chini kabisa inapita njia ya reli, kisha mfereji wa Nakivubo, unaopeleka majitaka na maji ya mvua ya jiji kwenye kinamasi na hatimaye katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, katika mtaa huu mwinuko wa ardhi ni kipimo cha kipato: kadiri mtu anavyoteremka, ndivyo kodi inavyopungua na ndivyo maji yanavyomkaribia.

Uhaba wa nyumba za wafanyakazi una mizizi katika utawala wa kikoloni. Kampala ya Wazungu na Waasia ilipangwa na kuhudumiwa. Mengo, makao ya Kabaka, iliachwa ikue kwa utaratibu wake, na miji hiyo miwili haikuunganishwa hadi mwaka 1968. Nyumba zilizojengwa Nakawa na Naguru kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika hazikutosheleza mahitaji. Pengo hilo lilizibwa na wenye nyumba wadogo, waliojenga safu za vyumba vya kupangisha. Chumba cha namna hiyo huitwa *muzigo* kwa Kiganda, neno ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulisikia kama mzigo, wala halimpotoshi sana.

3.0 Mradi wa Mwaka 1987

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka 1987 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi. Serikali ya Uganda, iliyoingia madarakani Januari 1986 baada ya miaka mingi ya vita na kuporomoka kwa uchumi, iliichagua Namuwongo kuwa mradi wa mfano kwa ushirikiano na mashirika ya Umoja huo. Fikra iliyoongoza ilikuwa ya kibinadamu: badala ya kubomoa, eneo lipimwe, liwekewe barabara, maji na mitaro, na wakazi wapewe viwanja wajenge nyumba za kudumu.

Ugumu ulijitokeza katika masharti. Aliyepata kiwanja alipaswa kugharamia umilikaji na kujenga kwa viwango vilivyokubalika, jambo lililomwelemea kibarua asiye na mshahara wa uhakika. Wakati huohuo, barabara na mitaro viliipandisha ardhi thamani. Kwa maskini mwenye kiwanja, kuuza lilikuwa jambo la busara. Kwa mwenye fedha, kununua chini ya Muyenga ilikuwa nafasi adimu. Mpangaji hakuwa na cha kuuza. Chumba chake kilipovunjwa ili kupisha nyumba bora, alifungasha virago. Wengi waliteremka, wakavuka reli na kujenga vibanda kandokando ya mfereji.

4.0 Makazi ya Msimu

Huko bondeni nyumba ni ya msimu. Kampala hupata mvua nyingi mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mfereji unapofurika, majitaka huingia vyumbani. Kodi hailipwi kwa msimu. Hudaiwa kila mwezi. Aidha, wakazi hawa wameishi kati ya sheria mbili zisizowatambua: ile ya hifadhi ya reli na ile ya ulinzi wa ardhioevu. Julai 2014 Mamlaka ya Jiji la Kampala ilibomoa vibanda vilivyokuwa kandokando ya reli. Kwa familia zilizokuwa zimesukumwa na mradi wa awali, huko kulikuwa kuhamishwa mara ya pili.

5.0 Ulinganisho

Namuwongo haikuwa peke yake. Dandora, jijini Nairobi, ambako Benki ya Dunia ilifadhili takriban viwanja 6,000 kuanzia mwaka 1975, ilishuhudia viwanja vingi vikigeuka majengo ya kupangisha. Masese, mjini Jinja, mradi uliofadhiliwa na Denmark ulianza na chama cha wanawake waliotengeneza vifaa vya ujenzi wenyewe. Kipato kilitangulizwa pamoja na nyumba. Tofauti hiyo ina uzito: anayepewa kiwanja bila kipato amepewa bidhaa ya kuuza.

Sheria nazo zilichelewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, inayomlinda mwenye *kibanja* aliyekalia ardhi kwa muda mrefu, ilikuja miaka 11 baada ya mradi kuanza. Ulinzi wa mpangaji ulisubiri zaidi: ni Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 iliyoweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi.

6.0 Hitimisho

Historia ya Namuwongo haithibitishi kwamba uboreshaji ni bure. Barabara na mitaro ile ilihitajika. Inathibitisha kwamba uboreshaji usiomlinda mpangaji humhamisha kwa upole kile ambacho tingatinga humhamisha kwa nguvu. Mambo matatu yanapendekezwa: wapangaji waorodheshwe kabla ya kupima ardhi, sehemu ya vyumba ibaki ya kupangisha kwa kodi iliyokubaliwa, na tathmini ifanywe miaka kadhaa baada ya mfadhili kuondoka. Swali la tathmini hiyo liwe jepesi: kati ya waliolala hapa siku mradi ulipozinduliwa, ni wangapi wangali wanalala hapa, pakavu, mvua za Aprili zinaponyesha?