Miaka Elfu Kutoka Pangani: Uislamu Ulivyofika Korogwe na Handeni

Kutoka Pangani mjini hadi Korogwe ni mwendo wa siku chache kwa miguu ukiufuata mto. Uislamu uliutembea mwendo huo kwa miaka elfu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alianza kuteremshiwa wahyi Makka mwaka 610, akahamia Madina mwaka 622. Karne ya nane haijaisha, Shanga katika visiwa vya Lamu kulikuwa na msikiti, na ule wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Bara ya Uzigua na milima ya Usambara vilikuwa jirani tu, lakini watu wake waliendelea na matambiko ya wazee wao hadi karne ya 19. Ndipo mambo yakabadilika, na hazikupita hata karne mbili kabla adhana haijawa sauti ya kawaida kutoka Mombo hadi Mkata.

Kwanza ilipanda kalamu. Johann Krapf, mmisionari Mjerumani, alipokwenda Vuga mwaka 1848 kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, aliwakuta Waislamu wa pwani barazani kwake. Mfalme alihitaji mtu wa kumwandikia barua za Pangani na Unguja, na baadhi ya wanawe walikuwa wameshajifunza kusoma, wakasilimu. Kimweri alifariki mwaka 1862 na ufalme ukaingia vitani. Mwanawe Semboja alishuka bondeni, akakaa Mazinde, ambayo leo imo wilayani Korogwe, penye njia ya misafara iendayo Upare na Umasaini. Alipata bunduki, baruti na nguo, akavaa kama watu wa pwani, na makarani wake walikuwa Waislamu. Mmoja wa makarani waliowatumikia Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ndiye aliyetuachia Habari za Wakilindi. Kitabu hicho cha Mwislamu kilipigwa chapa na wamisionari Waanglikana wa UMCA huko Magila, kuanzia miaka ya 1890. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa kuhusu upande huu wa nchi, na ni aibu kwamba wanafunzi wetu wengi hawajawahi kukishika.

Uzigua ulipata njia nyingine, yenye machungu. Ukame ulipouma, watu waliweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate chakula. Wengine walikombolewa, wakarudi na dini. Wengine waliuzwa. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walivushwa bahari hadi Somalia, wakatoroka utumwani na kujenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Huko wajukuu zao wakawa Waislamu, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Walirudi nchi ya mababu wakakuta ndugu waliobaki nao wanaswali, kwa madhehebu yaleyale ya Imamu Shafii.

Wadachi walipokuja, Bwana Heri wa Saadani, kiongozi wa Wazigua na Mwislamu, aliwapiga vita hadi mwaka 1890. Alishindwa, lakini dini haikushindwa naye. Serikali mpya ilitaka watu wanaojua kusoma na kuandika, ikawaleta maakida na makarani wa pwani, Waislamu wengi wao. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua wa kila kabila, na kambini Kiswahili na Uislamu vilikwenda pamoja. Wamisionari nao walijenga Korogwe na Kideleko. Hadi leo zipo koo zenye padri na shekhe katika nyumba moja, wakila pamoja Idi na Krismasi.

Aliyeimarisha dini, hata hivyo, ni mwalimu wa chuo cha Qurani. Alikuwa na mkeka, kivuli cha mwembe na ubao. Wino ulitengenezwa kwa masizi, kalamu ikachongwa kwa utete, na mtoto akaanza na alifu, be, te hadi ahitimu. Hapo ndipo mtu alipofundishwa shahada, swala tano, zaka, funga ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Kumwamini Mungu mmoja hakukuwa kugumu kwa Mzigua aliyekuwa akimtaja Mulungu tangu zamani. Kilichokuwa kigumu ni kuacha tambiko la kaburini, na wengi hawakuliacha upesi: walisoma hitima na kumchinjia babu mbuzi mwaka uleule.

Jambo zito zaidi lilikuwa mirathi. Mzigua alihesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mali ya mwanamume ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Qurani inawapa watoto: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, na mjane thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto. Mpwa akajikuta nje. Shekhe Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kitabu cha mirathi kilichotafsiriwa Kiingereza mapema miaka ya 1920. Sheria iliacha mlango mmoja: mtu anaruhusiwa kumuusia asiye mrithi hadi theluthi ya mali yake, na kwa mlango huo mjomba angeweza kumkumbuka mpwa. Mwenye kudhani kwamba dini ilipokewa hapa bila kufikiriwa na akae siku moja kwenye kikao cha wazee wanaogawa shamba la marehemu.

Habari za Semboja na Bwana Heri zimeandikwa. Za walimu wa vyuo hazijaandikwa: nani alisomesha Kabuku, alisoma kwa nani, na mwalimu wa mwalimu wake alitoka wapi. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua. Wewe uliye na babu Handeni au bibi Korogwe, chukua daftari ukamuulize, na uandike kila jina atakalolitaja.