Saa ya Nje: Historia Fupi ya Mdundo na Ugonjwa wa Parkinson

Leo tuzungumze juu ya saa. Kila kompyuta ina saa ndani yake. Sisemi ile ya kuonyesha wakati, bali kijiwe kinachotoa mapigo ili kila sehemu ijue zamu yake imefika. Saa hiyo ikiyumba, mashine hukwama hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Mwaka jana babu yangu alianza kukwama. Ana ugonjwa wa Parkinson. Miguu yake ina nguvu, lakini akifika mlangoni inaganda kama iliyogundishwa sakafuni. Nilikuwa nimesikia kwamba mdundo husaidia, basi nikaandika programu ndogo ya simu, mapigo 120 kwa dakika. Babu alipiga hatua tatu akashika ukuta. "Mjukuu wangu, mbona unanikimbiza?"

Ndipo nikaenda kusoma historia, kazi ambayo ningeifanya kwanza.

Mwaka 1815 Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu, kile chombo cha wanamuziki kinachogonga tik-tak. Wazo lenyewe alilichukua kwa Dietrich Winkel wa Amsterdam. Miaka miwili baadaye, 1817, daktari James Parkinson wa London alichapisha kijitabu kuhusu wagonjwa sita, wengine akiwa amewaona barabarani tu. Alieleza mikono inayotetemeka na mwendo unaogeuka mbio bila mtu kupenda. Kwa hiyo chombo kilikuwepo kabla ya kijitabu! Lakini ilichukua karibu miaka 180 viwili hivi kukutanishwa na kupimwa vizuri.

Dalili zilikuwepo njiani. Mwaka 1967 daktari Purdon Martin wa Uingereza alieleza jinsi mistari iliyochorwa sakafuni ilivyowasaidia wagonjwa kupiga hatua. Mwaka 1973 Oliver Sacks, katika kitabu chake Awakenings, alieleza wagonjwa wa hospitali moja ya New York walioganda kwa miaka mingi, lakini muziki ukipigwa baadhi yao walijongea.

Kipimo chenyewe kilikuja 1996. Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, waliwapa wagonjwa 15 kaseti za muziki wenye mapigo ya metronomu ndani yake, watembee nazo nusu saa kila siku kwa wiki tatu. Mwendo wao uliongezeka kasi kwa asilimia 25. Waliofanya mazoezi bila mdundo waliongeza asilimia 7 tu.

Kwa nini? Seli zinazotengeneza dopamini zikifa, ubongo hupoteza saa yake ya ndani ya mienendo ya mazoea. Watafiti wengi wanaona kwamba mdundo wa nje huupa ubongo njia nyingine ya kupitia.

Lakini tusishangilie mno. Mwaka 2007 utafiti wa RESCUE uliwafuata wagonjwa 153 wa Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi. Walichagua sauti, mwanga au mtetemo. Walitembea vizuri zaidi, ila wiki sita baada ya kifaa kuondolewa faida nyingi zilikuwa zimefifia. Mdundo ni mkongojo. Hauponyi, na hauchukui nafasi ya dawa.

Kosa langu nililipata kwa Thaut. Yeye alianza na mwendo wa mgonjwa mwenyewe, kisha akaongeza kidogo kidogo. Mimi nilichagua 120 kwa sababu ni namba nzuri! Nikarudi kwa babu, nikahesabu hatua zake kwa dakika moja: 86. Nikafuta 120, nikaandika 86, nikatembea kando yake nikiwa tayari kumshika.

Bado kuna siku anakwama mlangoni. Siku hizo husimama, husikiliza mapigo manne, kisha huinua mguu. Programu sasa inaanza kwa kuhesabu hatua za mwenyewe, na ukurasa wa kwanza unasema: muulize kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na usitembee peke yako.

Haya, tuonane wiki ijayo.