Umbo la Gitaa la Besi

Wapo wasemao kwamba ala ya muziki haina haja ya kupendeza macho, maadamu kazi yake ni kuridhisha sikio. Sisi tunaona kauli hiyo ina upungufu, na ushahidi wetu ni gitaa la besi la umeme, ala changa ambayo umbo lake lilizaliwa na haja za kazi.

Kabla yake, sauti nzito ya bendi ilibebwa na besi la kusimama, yaani ile fidla kubwa ipitayo kimo cha mpigaji, ambayo hata leo huonekana katika vikundi vya taarabu vya Unguja. Ilikuwa taabu kuisafirisha, na magitaa yalipotiwa umeme ikawa haisikiki. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, akaanza kuuza Precision Bass. Hakuwa wa kwanza: Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kuunda besi la umeme katika miaka ya 1930, lakini halikuenea. Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Pengine ndiyo sababu hakufungwa na desturi ya maumbo ya kale.

Na tulitazame besi hilo la 1951. Kiwiliwili ni ubao mnene usio na uvungu, umepakwa rangi ya manjano hafifu inayoacha mishipa ya mti ionekane, na juu yake limewekwa bamba jeusi. Nyuzi hutetemeka katika urefu wa inchi 34. Kwa hiyo shingo ni ndefu, na kama kiwiliwili kingekuwa kifupi upande wa juu, kichwa kingeelemea chini kila mara. Pembe ya juu ikarefushwa, mkanda ukafungwa kwenye ncha yake, ala ikatulia kifuani. Pembe hizo, ambazo vijana wengi huzidhani madoido, zilianza kwa ajili ya mizani!

Madoido nayo hayakukawia. Mwaka 1957 bamba likawa la rangi ya dhahabu. Jazz Bass ya mwaka 1960 ikaja na kiuno kilichopinda, mithili ya mtu aliyeegemea mguu mmoja. Rangi zikachukuliwa katika biashara ya magari: Fender alitumia rangi za kampuni ya DuPont, na ile samawati iitwayo Lake Placid Blue ilikwisha kupakwa magari ya Cadillac.

Huko Ujerumani, kampuni ya Höfner ilikuwa imetoa mwaka 1956 besi lenye umbo la fidla. Paul McCartney wa Beatles, apigaye kwa mkono wa kushoto, alinunua la namna hiyo mjini Hamburg mwaka 1961. Lilikuwa rahisi kwa bei, na kwa kuwa pande zake mbili zinafanana, halikuonekana kichekesho lilipogeuzwa. Liliibwa London mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake zikatangazwa mwaka 2024.

Lipo jambo ambalo wapenzi wa uzuri huu hulisahau. Kichwani pa gitaa limeandikwa jina moja tu, Fender. Lakini shingo za miaka ya 1950 zikifunguliwa, baadhi yake huonyesha tarehe na herufi za penseli, na TG ni za fundi Tadeo Gomez. Waya mwembamba uzungukao sumaku ulisokotwa na wanawake, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Abigail Ybarra aliianza kazi hiyo mwaka 1956.

Kwetu Tanzania, bendi kadhaa za dansi zilimilikiwa na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ala zilikuwa mali ya mwenye bendi, na mpigaji alipohama aliliacha gitaa nyuma. Tulipata kuliona besi moja la aina hiyo, jekundu, lililotegemezwa ukutani mwa ukumbi mchana. Rangi ilikuwa imeliwa pale mkono unapolalia, si mahali pamoja bali mahali pawili, kwa kuwa waliolipiga walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa na mkono mrefu kuliko mwenziwe.