Meza ya Kahawa na Soko la Hisa

Watu wengi wakisikia habari za soko la hisa hudhani kwamba jambo hilo lilianzia katika majumba marefu ya mawe, penye makarani wengi na milango ya vioo. Sivyo. Soko la hisa lilizaliwa mezani, kati ya vikombe vya kahawa na sahani za chakula, miongoni mwa watu waliokuwa wakizungumza. Na hata leo, ijapokuwa bei huonyeshwa na mashine, wenye hisa chache hupenda kukutana mahali pa kula na kunywa ili waulizane habari. Katika insha hii tutaifuata meza hiyo kutoka London hadi Nairobi, tupate kuona imewapa watu wadogo faida gani, na imewatia hasara gani.

Kwanza yafaa tufahamu hisa ni kitu gani. Watu kumi wakichanga fedha wakanunua jahazi, kila mmoja huwa na fungu lake katika jahazi lile. Likirudi na faida, hugawana kwa kadiri ya mafungu yao. Likizama, hasara huwa ya wote. Fungu hilo ndilo hisa. Lakini safari ni ndefu, na huenda mmoja wao akahitaji fedha zake kabla jahazi halijarudi. Hawezi kung'oa ubao wa jahazi akauuza, lakini aweza kumwuzia mtu mwingine fungu lake. Je, bei yake itakuwa kiasi gani? Hapo ndipo penye shida, kwa sababu bei yategemea hali ya jahazi lililo mbali, na hali hiyo haijulikani ila kwa kusikia. Basi mwenye kutaka kununua au kuuza hana budi kwenda penye habari; na hapo kale habari zilikuwa penye watu waliokaa kitako wakinywa.

Mjini London mahali hapo palikuwa mkahawani. Mkahawa wa kwanza wa mji huo ulifunguliwa mwaka 1652 na mtu aitwaye Pasqua Rosée, katika kichochoro cha St Michael's Alley. Muda si muda mikahawa ikaenea mji mzima. Kwa peni moja tu mtu alipata kikombe cha kahawa na ruhusa ya kuketi, kusoma magazeti na kusikiliza mazungumzo. Kila mkahawa ulikuwa na watu wake. Manahodha na wenye meli walikwenda kwa Edward Lloyd, na katika mazungumzo yao ikakua biashara kubwa ya bima ya meli ambayo hadi leo yaitwa kwa jina lake. Madalali wa hisa nao walikuwa wakifanya kazi katika jumba la biashara la Royal Exchange, lililofunguliwa mwaka 1571. Walakini kelele zao ziliwachosha wafanya biashara wengine, na mwaka 1698 wakaondoka humo wakahamia vichochoro vya jirani, katika mikahawa miwili iliyoitwa Jonathan's na Garraway's.

Mwaka ule ule wa 1698, mtu mmoja, John Castaing, alianza kuandika bei za hisa na za bidhaa katika karatasi, akizitoa pale Jonathan's. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa na maana kubwa. Kabla ya hapo bei ilikuwa mdomoni mwa dalali, na kila dalali alisema yake. Sasa bei ikawa juu ya karatasi, na mtu wa kawaida aweza kuisoma, akailinganisha na ile aliyotajiwa. Ule ulikuwa mwanzo wa daftari kuingia mezani.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini watu wenye fedha wafanye kazi hiyo mkahawani, wala si katika afisi zao? Sababu ni mbili. Ya kwanza tumekwisha kuitaja, nayo ni habari. Ya pili ni uaminifu. Mtu aliyeuza hisa leo aliahidi kuzitoa siku nyingine, na aliyenunua aliahidi kulipa siku nyingine. Kati ya siku hizo mbili hapakuwa na kitu ila neno tu. Sisi husema kwamba ahadi ni deni, na soko la London mpaka leo lina msemo wake wa Kilatini wenye maana iyo hiyo: neno langu ndilo sharti langu. Mtu ambaye watu hula naye kila siku hujulikana tabia yake. Akivunja ahadi leo, kesho atamkuta mwenziwe meza ile ile, na aibu yake itakuwa mbele ya wote. Kwa hiyo kula pamoja kulikuwa namna ya kuchunguzana.

Lakini meza iletayo habari huleta uvumi pia, na kwa sikio la mgeni vitu hivyo viwili hufanana sana. Twaona jambo hilo katika mambo ya mwaka 1720. Kampuni ya Bahari ya Kusini iliundwa Uingereza mwaka 1711, nayo ilichukua sehemu ya deni la serikali ikaahidiwa biashara na nchi za Amerika zilizokuwa chini ya Hispania. Tusisahau kwamba sehemu ya biashara hiyo ilikuwa kuwauza Waafrika utumwani. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko sifa zake. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1720 watu walianza kuzisifu hisa zake mikahawani, na aliyesikia alinunua, na aliponunua bei ilipanda, na ilipopanda wengine wakasema, "Kumbe ni kweli." Hisa iliyokuwa na bei ya pauni 130 hivi mwezi wa Januari ikafika karibu pauni 1,000 wakati wa kiangazi. Walionunua hawakuwa mabwana wakubwa peke yao, kwani wanawake wajane na watu wa kazi za chini nao walipeleka akiba zao. Hata Isaac Newton, bingwa wa hesabu ambaye jina lake twalikuta katika vitabu vya sayansi, alipoteza fedha nyingi. Kabla mwaka haujakwisha bei ilikuwa imeporomoka chini ya pauni 200.

Wazee wetu walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Katika soko la hisa methali hii ni ya kweli, na ndiyo hatari yake. Wakisema watu kwamba bei itapanda, watu hununua. Na wakinunua, bei hupanda kweli. Maneno yenyewe huzaa lile lisemwalo. Lakini jahazi lililoko baharini halisikii maneno ya mkahawani. Kama halina shehena, siku ya kutia nanga halitakuwa nayo, na hapo aliyenunua mwisho hubaki na karatasi mkononi. Aghalabu huyo wa mwisho ni mtu mdogo, maana habari humfikia baada ya kupita meza nyingi.

Baada ya muda madalali waliona haja ya kuwa na kanuni na mlango. Mwaka 1773 walihamia nyumba yao wenyewe, wakaiita Stock Exchange, na aliyetaka kuingia alilipa peni sita kwa siku. Mwaka 1801 wakafunga mlango kabisa kwa wasio wanachama. Kwa njia hiyo matapeli walipungua, na hilo lilikuwa jema. Lakini mtu wa kawaida, ambaye zamani aliweza kuketi kwa peni moja akasikia kila kitu, sasa alikuwa nje. Alama ya asili yao haikupotea: watumishi wa soko hilo waliendelea kuitwa kwa jina lile lile la watumishi wa mezani, kana kwamba bado wanapeleka kahawa.

Sasa na tuje kwetu. Biashara ya hisa ilianza Nairobi katika miaka ya 1920, zama za ukoloni. Haikuwa na jumba wala sheria yake. Mawakili, wahasibu, wapigaji mnada na mawakala wa nyumba waliifanya kama kazi ya kando, nao walikutana kwa kahawa wakaambiana bei, wakitegemea neno la kiungwana. Hoteli ya Stanley ilikuwa maskani yao mashuhuri, na hata leo ina baa iitwayo Exchange kwa ukumbusho wa kazi hiyo. Mwaka 1951 Francis Drummond aliunda kampuni ya kwanza ya udalali wa hisa peke yake. Yeye na Sir Ernest Vasey, aliyesimamia fedha katika serikali ya wakati ule, waliwaendea wakuu wa soko la London mwaka 1953, na mwaka 1954 Soko la Hisa la Nairobi likasimamishwa kama chama cha madalali.

Nani waliketi katika meza ile? Wazungu peke yao. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa katika soko hilo mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Mwafrika aliyeifikia meza ile aliifikia akiwa amebeba sinia. Na tuitazame kahawa yenyewe iliyokuwa juu ya sinia. Ilipandwa katika ardhi ya Kenya, lakini kwa miaka mingi wakulima Waafrika walikatazwa kuipanda; ruhusa ilitolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, na ikapanuliwa kwa mpango wa kilimo wa Swynnerton, mwaka ule ule wa 1954. Basi alizuiliwa kuipanda kahawa, na alizuiliwa kuketi ilikonywewa. Mtu asiyeketi mezani hukosa mambo mawili: hukosa mali, na hukosa mazungumzo yanayofundisha namna ya kuitunza mali. La kwanza laweza kurudishwa kwa sheria siku moja. La pili huchukua kizazi kizima au zaidi.

Jambo hilo lilionekana baadaye. Mwaka 1988 serikali iliuza kwa wananchi sehemu ya hisa zake katika Benki ya Biashara ya Kenya, na mwaka 1989 ikaundwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ili kulinda wanunuzi. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, na zilipoingia sokoni bei ikapanda zaidi ya maradufu. Habari hiyo ikazunguka katika kila hoteli na kila baa ya nchi. Kwa hiyo mwaka 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5, waliojitokeza walizidi watu 800,000, na wengi walikopa benki ili wanunue. Walitumaini kuuza mara moja na kulipa deni. Baada ya miezi michache bei ilikuwa chini ya shilingi 5, na wenye mikopo wakabaki na deni lisilongoja. Walakini kampuni yenyewe ilikuwa na shehena: mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Aliyeelewa kazi ya kampuni na kununua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyenunua uvumi kwa fedha za mkopo hakuweza.

Je, mtu mdogo aiepuke meza? Hasha. Nchini Uingereza, serikali ilipouza British Telecom mwaka 1984, watu zaidi ya milioni mbili walinunua hisa, na wengi wao hawakuwahi kuwa nazo maishani. Vyama vya majirani wanaochanga fedha kununua hisa hukutana huko mara moja kwa mwezi, aghalabu katika chumba cha nyuma cha baa ya mtaani. Hula chakula, huzungumza habari za mtaa, na kati ya kijiko na kijiko huulizana: kampuni hii yapata faida kwa kazi gani, na ina deni kiasi gani? Nasi tunavyo vyama vyetu, ambavyo mkutano wake haukosi chai au nyama choma. Wanachama huchanga haba na haba, na vingine vimejifunza kununua hisa. Mwalimu, muuza duka na fundi wa magari wakiketi pamoja, kila mmoja ajua jambo ambalo mwenziwe halijui. Muuza duka ajua bidhaa ipi yanunuliwa na ipi yakaa rafuni, na habari hiyo ni bora kuliko uvumi wa mjini.

Chama kilicho na busara huwa na vitu viwili mezani pamoja na chakula. Cha kwanza ni daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Cha pili ni mtu mmoja asiyeona haya kuuliza, "Tumejuaje?" Castaing alileta cha kwanza mwaka 1698, cha pili kila kizazi hakina budi kukileta chenyewe.

Ninyi wanafunzi mtakuwa wenye akiba siku zijazo, na wengine wenu mtakaribishwa katika meza za namna hiyo. Babu zenu walifungiwa mlango, ninyi mmefunguliwa. Kaeni, mle, msikilize, mpendane na majirani zenu. Lakini kabla hamjatoa hata shilingi moja, someni hesabu za kampuni kwa macho yenu wenyewe.