Magendo ya Whisky Detroit: Boti Zilipolazwa, Magari Yakaingia Mtoni

Unaambiwa kuna watu walipiga pesa ndefu kwa kuvuka mto tu. Ni Detroit, Marekani, miaka ya 1920. Pombe imepigwa marufuku nchi nzima tangu Januari 1920, lakini ng'ambo kuna Windsor, Kanada, ambako whisky inatengenezwa kama kawaida. Kati ya miji hiyo, mto hata kilomita mbili haufiki upana. Mchongo ukajileta wenyewe.

Majina ya wengi wao hayajulikani, na wenyewe walitaka iwe hivyo. Kilichobaki ni habari za boti zao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, injini za ndege aina ya Liberty, silinda 12, nguvu za farasi 400, zilikuwa zimezagaa na kuuzwa kwa bei chee. Baadhi ya wafanya magendo wakazifunga ndani ya boti. Askari wakabaki wanaangalia mawimbi.

Halafu Desemba inaingia.

Injini ya ndani ya boti hupoozwa kwa maji yanayovutwa kutoka mtoni. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia 9 hivi, na yakikosa pa kwenda yanapasua chuma. Liberty ndiyo ilikuwa hatarini zaidi, maana silinda zake zilizungushiwa bati jembamba la kupitishia maji. Usiku mmoja wa baridi kali, kwisha habari.

Ndiyo maana injini ililazwa kwa adabu. Koki zote zinafunguliwa, maji yanatoka kwenye silinda, pampu na mabomba, kwa sababu maji kidogo tu yaliyojificha kwenye kona yanatosha kuiua. Oili chafu inamwagwa, kwani ina unyevu na asidi inayokula chuma taratibu. Plagi zinafunguliwa, kila silinda inapewa oili kidogo, injini inazungushwa, inafunikwa. Mpaka barafu iyeyuke.

Ila biashara hailali. Mto ukiganda, mzigo ulivushwa kwa magari juu ya barafu. Madereva waliacha milango wazi ili waruke barafu ikipasuka. Wengine hawakuwahi.

Sasa cheki hii. Ili rejeta za magari zisigande, enzi hizo watu walitia alkoholi ya viwandani. Serikali iliagiza alkoholi hiyo iwekwe sumu ili isinyweke. Wahuni wakaiiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza kama kinywaji. Krismasi ya 1926, makumi ya watu waliugua vibaya New York, baadhi wakafa. Jibu la serikali? Mwaka 1927 sumu ikaongezwa.

Mwaka huohuo ikaingia sokoni Prestone, dawa ya rejeta ya ethilini glaikoli, na taratibu magari yakaachana na alkoholi. Marufuku yenyewe ikafutwa Desemba 1933.

Boti za huko bado zinalazwa kila majira ya baridi, siku hizi kwa dawa ya rangi ya pinki inayopitishwa kwenye mabomba ya injini. Wale wa magendo walijua kila kilichoingia kwenye injini zao. Mnywaji wa baa hakujua kilichomo kwenye glasi yake, na waliojua, wahuni na serikali, wote waliendelea tu.

Nani alaumiwe zaidi hapo: muuzaji au serikali? Uwanja wa komenti uko wazi.