Kujifunza lugha bila mwalimu: kutoka Boga mpaka Bubukwanga



Mama mmoja wetu alirudi na kijana aliyemaliza mwaka wa sita kule Uganda. Hapa walimurudisha mwaka wa tatu, juu hajui Kifaransa. Hesabu anajua, tena vizuri. Siku ya tatu akakataa kurudi: yeye ndiye mrefu kupita wote darasani. Ndiyo maana leo naandika historia kidogo.

Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Muganda, alitoka Toro, akavuka Semuliki mpaka Boga, kaskazini ya Beni. Lugha ya Boga inakaribiana na ya Toro, basi hapo alikuwa na pa kuanzia. Kazi ngumu ilikuja miaka mingi nyuma, alipoingia poritani kwa Wambuti. Lugha yao ni ingine kabisa. Walimu wake walikuwa wao wenyewe. Mbele ya kufa Boga mwaka 1933, alikuwa ametafsiri Injili ya Marko katika lugha yao.

Sisi tulipitia njia hiyo kwa kukimbia. Tarehe 11 Julai 2013 ADF walishambulia Kamango, na watu zaidi ya 60,000 wakavuka kuingia Bundibugyo. Wengi wenu munakumbuka Bubukwanga kunipita mimi. Baadaye watu wengi walipelekwa Kyangwali. Sokoni Bundibugyo lugha haikuwa shida: Kitalinga na Kibwisi ni karibu lugha moja, na Kinande na Kikonzo ni hivyo hivyo. Shida ilikuwa Kingereza, cha karatasi, cha dispanseri na cha masomo ya watoto.

Hakuna aliyengoja mwalimu. Niliona kaye za wamama, zimechanwa nusu: upande mumoja neno vile masikio inalisikia, upande mwingine vile linaandikwa. Hawakuanza na majina ya nyama wala rangi, sawa vitabu vinavyofanya. Walianza na sentensi nzima za kazi: mtoto ana homa tangu juzi, karti yangu imepotea. Mangaribi mtoto alisoma, mama akarudilia. Kuchekwa kulikuwako, na wenye kuogopa kuchekwa ndio walichelewa.

Sasa ni zamu ya Kifaransa. Njia ni ileile, na hapa tuko na vyombo viwili karibu ya bure. Radio Okapi, tangu 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sikiliza kwanza ya Kiswahili. Ukishajua kilichotokea, Kifaransa hakitakutupa mbali. Cha pili ni Injili ileile ya Marko, vitabu viwili pembeni, mstari kwa mstari. Namba za mistari zinafanya kazi ya kamusi. (Waislamu wetu walichagua kutumia matangazo ya chanjo, yanaandikwa kwa lugha mbili, na yanasaidia vilevile.) Mstari mumoja kwa siku unatosha, lakini uusome kwa sauti.

Kijana yule anakuja kila siku ya posho, saa tisa. Wako watoto kumi na mmoja, na wazazi wane. Tunakosa kaye, na redio moja ya mabuye. Memba anayejua Kifaransa aje akae nao saa moja. Asikuje kurekebisha matamshi kila dakika. Awaache waseme kwanza. Mkuu wa masomo amekubali kumupima kijana tena mbele ya mwezi wa kwanza, kwa hesabu na kwa kusoma.